Mafuta ya Mwisho Katika Breki ya Papa Anaclet

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Papa Anaclet Kunda, mzee wetu wa pikipiki, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kupeleka chanjo, dawa na damu kwa jina la Depo ya Dawa Mapendano, hapa Lubumbashi. Aliingia kazini akiwa kijana mwenye baiskeli ya kuazima. Anatoka akiwa mjane mwenye goti bovu na pikipiki ambayo si yake tena.

Mimi Mado wa sekreteria ndiye ninayeandika wasifu wa wastaafu katika jarida letu. Kwa kawaida kazi hii haininyimi usingizi, maana kila mstaafu huwa alikuwa mchapakazi, mnyenyekevu, na hakuchelewa hata siku moja, pamoja na yule tuliyezoea kumwamsha kwenye rafu za sindano. Safari hii sikuachiwa nafasi ya kupamba. Papa Anaclet alikuja mezani kwangu kofia mkononi, akanipa sharti lake.

"Mama Mado, kama unaandika, andika na ile ya frein. Kama hauiandike, usiandike kitu."

Nilimwomba afikiri tena kuhusu hiyo frein, yaani breki, nikamkumbusha kwamba jarida linasomwa hata na wageni. Alivaa kofia akaenda zake. Kwa hiyo wasomaji mnisamehe. Huyu anaagwa kwa ukweli, na ukweli wenyewe hauchekeshi sana.

Papa Anaclet alizaliwa Kabalo. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli aliyehamishiwa Lubumbashi akaleta familia nzima kwa treni, pamoja na kitanda cha chuma ambacho mwanawe analalia mpaka leo. Amekuwa mwanakwaya wa parokia yake tangu ujana. Ana sauti nene sana, na kiongozi wa kwaya amemwomba kwa miaka mingi aipunguze, bila mafanikio.

Alianza kwa kusambaza dawa mjini kwa baiskeli. Baadaye depo ikanunua pikipiki, zile za kwanza zenye breki za waya, naye akapewa njia mbili ambazo hakuna aliyezitaka: barabara ya Kasenga kupitia Kasomeno, na upande wa kusini hadi Sakania. Huko Kasomeno wafanyabiashara walitaka kila mara kumpakiza samaki wakavu. Aliwajibu kwamba sanduku lake la chanjo lina mgeni mmoja tu, na mgeni huyo hapendi harufu. Kwenye vizuizi vya barabarani hakugombana na mtu. Alifungua sanduku kidogo, akaanza kueleza baridi ya chanjo tangu kiwandani, hatua moja baada ya nyingine, bila haraka, mpaka wenye kizuizi wenyewe wakamsihi aendelee na safari.

Mwaka ule wa surua, barabara ilipokatwa na maji, alivuka akiwa na sanduku kichwani huku vijana wa kijiji wakibeba pikipiki nyuma yake. Chanjo zilifika zikiwa baridi. Kasomeno kuna watoto wanaoitwa Anaclet kwa sababu ya siku ile, na mmoja wao ni msichana, ambaye sijui kama anamshukuru.

Lakini waulize wenzake wa pikipiki wamejifunza nini kwake. Hawatataja surua. Watataja breki.

Wengine hawajui, basi nieleze. Pikipiki zetu za sasa zina breki ya mafuta. Juu ya usukani kuna kikopo kidogo cha mafuta hayo, na mpira unayashusha mpaka kwenye gurudumu. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa maji ya hewani, na masika yetu ni marefu. Mwaka ukipita yanakuwa meusi. Ukiteremka mlima na mzigo, breki inapata joto, maji yaliyojificha ndani yanachemka na kuwa mvuke, na mkono wa breki unalala hadi kwenye usukani bila kushika chochote. Kwa hiyo yanabadilishwa kila mwaka kabla ya mvua, na hewa yote inatolewa.

Pikipiki za namna hiyo zilipofika, kazi ilifanywa kwenye gereji moja ambayo siku hizi haipo. Walifanya haraka, hewa ikabaki ndani, na Papa Anaclet akaishia mtaroni. Goti bovu lilianzia hapo. Alipofika nyumbani Kampemba akichechemea, mke wake, Mama Domitille, aliyekuwa anauza maharagwe sokoni, alitaka kujua kazi hiyo inafanywaje. Akamweleza kwamba inataka watu wawili: mmoja anafinya mkono wa breki, mwingine anafungua na kufunga skrubu kule chini kwenye gurudumu. Mama Domitille akasema neno ambalo baadaye liligeuka sheria ya depo nzima.

"Kama njo mimi nakungojeaka, mimi njo nitafinya."

Tangu mwaka ule mafuta ya breki ya Papa Anaclet yalibadilishwa nyumbani kwake, Jumamosi moja ya Oktoba. Alitandika gunia uani, akafuta kikopo kwa kitambaa kisafi, akaweka tayari spana, mpira mwembamba na chupa tupu ya mayonezi. Mama Domitille alipanda kwenye kiti cha pikipiki akiwa amefunga kitambaa cha kichwa cha Misa, kwa sababu, alisema, hiyo nayo ni kazi ya kuombea. Alifinya, akashikilia. Mumewe alifungua skrubu, mafuta machafu yakatoka na mapovu yake kupitia mpira hadi chupani, na mkono wa breki ukalala. Hapo ndipo penye ugumu wote: anayefinya asiachie mpaka skrubu ifungwe. Akiachia mapema, breki inavuta hewa na kazi inaanza upya. Halafu wanajaza kikopo mafuta mapya na kurudia, mpaka yanayotoka chini yawe safi. Mama Domitille hakuwahi kuachia mapema.

Mafuta hayo yanakula rangi. Mwaka mmoja tone lilidondoka kwenye meza yake ya buluu, likaacha baka jeupe. Alilifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, na kila mgeni alipokuja alikiinua ili baka lionekane, kisha akamtazama mumewe.

Wenzake waliiga. Ikawa desturi yetu: anayekungoja nyumbani ndiye anayefinya breki yako. Mke wa Ruben, mmoja wa wenzake wa pikipiki, alifundishwa na Mama Domitille mwenyewe, na waume na mama wakwe wa wengine pia. Kijana mmoja asiye na mtu alimleta mwenye nyumba wake, akisema huyo ndiye anayemngoja kuliko wote. Somo la Mama Domitille lilikuwa fupi. Shikilia mpaka uambiwe, na usifikirie sufuria iliyo jikoni. Depo nyingine zinapeleka pikipiki gereji na kutucheka. Sisi tulikuwa tunapata jambo ambalo gereji haiuzi: mtu wa nyumbani aliyejua kwa mkono wake mwenyewe kwamba breki inashika.

Mama Domitille alifariki Septemba mwaka jana, kwa ugonjwa wa moyo. Tulikaa kilioni pamoja na Papa Anaclet na binti yao Léa, aliyekuja kutoka Sakania alikoolewa. Hakulia mbele yetu. Alipokea kila mtu na kuuliza kama amekula. Alirudi kazini mapema kuliko ruhusa aliyopewa. Tulimwachia kiti chake cha kawaida, tukazungumza habari za mvua.

Oktoba ilipofika, mkuu wetu, Papa Édouard, aliuliza asubuhi kwenye mkutano kama kila mmoja amebadilisha mafuta ya breki. Mikono iliinuka, na wa Papa Anaclet ukiwamo. Ruben alikuwa amejitolea kwenda na mke wake kumsaidia, naye Papa Anaclet akamjibu kwamba imeshafanyika. Nani angemuuliza Papa Anaclet mara ya pili? Ni yeye aliyetufundisha kuuliza.

Haikuwa imefanyika. Miezi kadhaa ya mvua alikwenda na kurudi na mafuta yaliyoingizwa mwaka uliotangulia.

Februari, kwenye mteremko kabla ya Kasomeno, mkono wa breki ulilala. Mbele yake walikuwa wanawake wanatoka kisimani na mabeseni kichwani, upana wote wa njia. Alipiga honi na kuikata pikipiki kwenye shamba la mahindi. Wanawake walipona, mmoja akapoteza beseni lake. Papa Anaclet alipona na michubuko. Sanduku lilipasuka, na chanjo za watoto zilizokuwa zinangojwa asubuhi ile zikaharibika. Wazazi waliokuwa wamepanga foleni walirudishwa nyumbani, watoto wakiwa mgongoni. Tulipeleka nyingine baada ya siku kadhaa, na wengine kati ya wale hawakurudi kuja kuchanjwa. Hilo analijua, na ndilo linalomtafuna.

Angeweza kusingizia matope. Barabara ile inasingiziwa mambo mengi na haijawahi kujitetea. Badala yake alisimama mbele yetu sote, bandeji mkononi, akasema mafuta hayakubadilishwa na kwamba alidanganya. Papa Édouard alimuuliza, kwa upole, ni kwa nini.

"Ile mafuta njo yeye aliingizaka," alisema. "Nilishindwa kuimwaga."

Ruben alitoka nje. Mimi nilihuzunika, na hapohapo nilimkasirikia, kwa sababu niliwafikiria wale wanawake wa kisimani, ambao nao wana wanaowangoja. Hisia zote mbili bado ninazo, na sioni kwa nini nizifiche katika jarida ambalo yeye mwenyewe amekataza uongo.

Tangu siku ile hakuendesha tena pikipiki. Miezi yake ya mwisho aliimalizia kwenye dirisha la kutolea dawa, akikabidhi maboksi kwa waliokuwa wanafunzi wake. Alifanya kazi hiyo vizuri na bila raha. Kelele za pikipiki zikiwaka uani, aliinua kichwa, kisha akakiinamisha.

Pikipiki yake ilitengenezwa fremu na gurudumu, ikapangwa kwa Deborah, aliyeingia kazini Januari. Deborah ni binti wa mzee Kasereka, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, na ana ulimi usiojua kuzunguka. Mama yake, Mama Benita, angependa kumwona binti yake nyuma ya meza ya duka, na ameapa hataigusa pikipiki hata kwa kidole. Deborah hakumjua Mama Domitille. Alichojua ni kwamba pikipiki hiyo ilimwangusha mwalimu wa walimu, na kwamba mwalimu huyo alidanganya. Akamwambia Papa Édouard kwamba haitaki.

Papa Édouard alitaka kuipeleka gereji, yaishe. Papa Anaclet aliomba jambo moja tu kabla ya kustaafu: mafuta yabadilishwe kwake Kampemba, naye aikabidhi pikipiki ikiwa salama. Asiporuhusiwa, angeondoka akiwa mtu wa shamba la mahindi, na wala si mtu wa breki. Deborah aliitwa, akaja, akasimama mlangoni mwa ofisi mikono imefungwa kifuani. Aliongea kwa heshima, lakini aliongea.

"Papa, ulidanganya benzako bote. Sasa mimi nitajua namna gani kama umeibadilisha?"

Papa Anaclet hakuonekana kukasirika. Alijibu kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo.

"Utafungula weye. Utaona na macho yako. Mimi nitafinya."

Basi Jumamosi iliyopita tulikwenda Kampemba: Deborah, Ruben na mimi, niliyetumwa kushuhudia kwa kuwa sina ninachokijua. Asubuhi ilikuwa na baridi ya Juni na vumbi, na jirani alikuwa anachoma takataka. Gunia lilikuwa limetandikwa. Meza ya buluu ilikuwa uani, na kitambaa juu yake. Papa Anaclet alimwonyesha Deborah spana, skrubu, namna ya kuvalisha mpira, kisha akapanda kwenye kiti cha pikipiki, mahali ambapo hakuwahi kukaa kwa kazi hii.

Alifinya. Deborah alifungua. Mafuta yalianza kushuka, meusi kama chai iliyosahauliwa motoni, na Papa Anaclet alipoyaona yanaingia chupani, akaachia.

Skrubu ilikuwa bado wazi. Breki ilivuta hewa, tuliisikia sote. Ruben alitazama ukuta. Mtu aliyefundisha depo nzima kutoachia alikuwa ameachia mara ya kwanza tu. Nilidhani Deborah atatupa spana na kurudi dukani kwa mama yake, na sijui kama ningemlaumu. Alifunga skrubu, akafuta mikono, akamtazama mzee kwa muda.

"Tuanze tena, papa. Usiachie mpaka minasema."

Wakaanza tena. Kwa sababu ya ile hewa kazi ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Deborah hakuwa na haraka. Alifungua kidogo kidogo, akafunga, akaangalia, akajaza kikopo, akarudi chini. Kila mara mzee alingoja na mkono wa breki umebanwa. Ruben alitaka kumpokea, akamkatalia kwa kichwa.

Ni hapo aliposema, bila kumwelekea yeyote kati yetu:

"Inauma mukono. Miaka yote ile hakuniambiaka. Na mimi sikumuulizaka."

Mama Domitille alikuwa na maumivu ya vifundo vya vidole. Sokoni tulimwona akipima maharagwe kwa mkono wa kushoto. Kila Oktoba alifinya kwa ule wa kulia.

Mafuta meusi yalianza kuwa ya kahawia, halafu ya njano, halafu safi kabisa. Deborah alifunga skrubu kwa mara ya mwisho na kuvuta mpira. Alimwambia mzee sasa anaweza kuachia. Papa Anaclet hakuachia. Alikuwa anaitazama chupa ya mayonezi juu ya gunia, na mkono wake umebana, na machozi ambayo hakuyatoa kilioni yalikuwa yanamtoka wazi mbele yetu. Deborah hakurudia agizo. Alikaa palepale chini kwenye vumbi, spana mapajani, akangoja. Nasi tukangoja. Mwishowe vidole vilifunguka kimoja baada ya kingine.

Deborah alipanda, akazunguka barabara za mtaa, akafunga breki kwa nguvu mbele ya geti. Gurudumu lilisimama papo hapo. Alisema inashika, na kwamba ataichukua. Papa Anaclet alifunga mfuniko wa chupa mwenyewe, akamkabidhi Ruben aende kuimwaga kwenye pipa la taka la depo, kwa kuwa mafuta hayo hayamwagwi ardhini. Aliomba tu chupa irudi.

Papa Anaclet, sharti lako nimelitimiza, na sikupenda. Tunakushukuru kwa surua ya Kasomeno, kwa magoti uliyotuokolea, na kwa Februari pia, maana ungeweza kunyamaza na ukasema. Chupa iko ndani ya zawadi yako. Nimeiosha kwa mikono yangu.

Siku ya kuondoka kwako ni Jumatatu. Asubuhi hiyohiyo Deborah ataondoka kwenda Kasomeno na chanjo, kwa pikipiki hii. Anasema Jumatano jioni akirudi, atapita kwanza Kampemba kabla ya kufika depo, kwa kuwa kwa sheria ya nyumba yako mwenyewe, aliyefinya breki ndiye anayengoja. Tunakuombea maisha marefu na jioni tulivu, mkono wako upumzike. Na Jumatano usilale mapema, Papa. Mngojee.